Nani Anakupikia?

Shefu wa avenii yetu, mukubwa wa mutaa, ungemusikia mbele ya kumuona. Kwanza filimbi: prrrii! Alafu sauti yake ya kukwaruza, kama sufuria inasuguliwa na muchanga: “Nani anakupikia? Weye! Nani anakupikia?” Alafu ndio anatokea yeye mwenyewe, mufupi, bote ya mupira ku miguu hata kama jua inawaka, shati imefungwa vifungo yote mpaka ku shingo, anakimbia nyuma ya pikipiki. Eh, batu bangu! Mutu wa miguu anafukuza pikipiki. Na kila siku alikuwa anafikiri leo ataikamata.

Jina yake siisemi. Siye wote tulimuita Shefu tu. Hata bibi yake wa ndoa alimuita Shefu, hata siku yenye alimukasirikia: “Shefu, weye uko mujinga.” Na kwao iko wapi, nani alimuzaa, sikuulizaka. Miaka ile, kuuliza mutu kwao iko wapi ilikuwa kama kumupimia sanduku ya maiti. Vita ilikuwa imekwisha mu redio. Siye hapa Ngezi tulikuwa tunasikiliza hiyo redio na mufuko ya nguo iko karibu na mulango. Batu balikuwa banarudi moja moja, banajenga, bengine na ngombe mbili tatu zenye zilibakia, bengine banatoka Butembo na maharagi ya kuuza. Unamusalimia jirani, unamuuliza juu ya mvua, juu ya batoto, juu ya bei ya chumvi. Juu ya kwao, hapana.

Sasa mu hiyo amani ya nusu ndio pikipiki ziliingia. Si zile za kubeba batu. Zile ndefu za pori, tairi iko na meno, za kupita mu matope na mu mawe. Baproje, bale ba misaada, ndio balizileta, kisha proje zikafunga, wakubwa bakarudi kwao, pikipiki zikauzwa. Vijana bakajiunga batatu, bane, bakanunua moja. Kitu ya kwanza balifanya: kutosha silansiye, kuiondoa ile chuma ya kunyamazisha sauti. Bao balitaka isikike. Na pa kuchezea balichagua kiwanja ya mwisho ya avenii, kule ngombe zinakula majani, kule batoto banapita na bidoni kuenda ku chemuchemu. Asubuyi, mangaribi, ni vumbi na kelele tu.

Mutu wa pahali pengine atasema kelele ni kelele. Kwetu hapana. Pikipiki bila silansiye, kijana akiachilia gazi, inalia pa! pa-pa-pa! Weye unajua tulifikiri nini.

Siku moja asubuyi ilianza hivyo, pa-pa-pa, na avenii yote ikaamuka na kukimbia. Mimi nilitoka na sufuria ya maharagi ku kichwa, ingali inachemuka, maji ya moto inanishukia ku shingo, siisikie. Jirani alibeba godoro. Mama mumoja alikamata mutoto wa jirani, akaacha wake. Tukafika juu ku kanisa, tunahema kama mbuzi, tunahesabu batoto, hesabu inakataa. Ndio mutu mumoja akaangalia chini ku kiwanja akasema: “Lakini si ni batoto banacheza pale?” Tukaangalia. Pikipiki mbili, vijana bane, banaruka ruka. Tulicheka! Tulicheka mpaka mbavu ziliuma. Alafu mama wa godoro akaanza kulia, na siye wote tukalia naye.

Mimi nililia mara mbili. Sababu mu bale bane mumoja alikuwa na shati nyekundu, na ile shati niliifua mimi jana yake. Baraka, mujukuu yangu. Mama yake alikufa mu vita, mimi ndio nilimulea, mimi ndio nilikuwa namupikia. Nikanyamaza. Nikashuka na maharagi yangu.

Mangaribi kukawa mukutano. Mama wa maharagi, yule muuzaji wa kutoka Butembo, alikuwa na meza yake karibu na kiwanja, na meza ilikuwa imeangushwa ile asubuyi, maharagi yote mu vumbi. Akasimama, mukono ku kiuno:

“Shefu, miye sina maneno mingi. Niko na namba ya komanda ku telefone. Tuite basoda. Bakuje, bafunge hii vijana mu kasho, tulale.”

Batu bakapiga makofi. Shefu akaangalia bote zake. Kisha akasema polepole, ile sauti yake ya sufuria:

“Mama, ku avenii ile ya chini baliita batu ya bunduki juu ya mutoto moja tu. Balisema banamuuliza neno moja, atarudi. Mama yake anamutengea sahani mpaka leo. Ungali unataka namba?”

Mama wa maharagi akafunga telefone yake, akakaa.

“Mukinipa hii kazi, nitazisimamisha. Bila bunduki. Nikishindwa, muite mwenye munataka.”

Ndiyo neno yake aliyotupa. Na miye nikikaa pale nyuma nilijua: huyu mutu akishindwa, ni Baraka wangu atachukuliwa.

Basi kazi yake ilikuwa namna gani? Ilikuwa kiti. Alikuwa na kiti moja ya mbao, muguu moja imefungwa na waya. Akisikia kijana wa nyumba fulani anakimbiza pikipiki, hasumbuki na kijana. Anatafuta mwenye anamupikia. Anakuja asubuyi na kiti yake ku kichwa, anaiweka katikati ya kiwanja ya nyumba, anakaa. Hasemi neno. Unaleta chai, anakataa. Unaleta ndizi, anakataa. Saa sita unaleta bugali na samaki, anaangalia pembeni. Mugeni anakataa chakula yako mbele ya avenii yote! Batu banapita ku barabara, banaona sahani imefunikwa, nzi inazunguka, na Shefu anakaa kama mawe. Haya inakukula. Mama mumoja alipiga magoti: “Shefu, kula hata kijiko moja, nitamurudisha, nitamufunga kamba!” Akasema tu: “Nitakula siku silansiye itarudi.”

Na ilikuwa inafanya kazi! Nyumba ya kwanza, silansiye ikarudi kisha siku mbili. Nyumba ya pili, siku tatu. Nyumba ya tatu baba akasema, “Akae mpaka azeeke,” na Shefu akakaa juma muzima, mvua inamunyeshea, bibi yake anamuletea mwavuli na kumutukana. Siku ya nane yule baba alimubeba yeye na kiti yake mpaka ku barabara. Shefu akarudi na kukaa. Kichwa ngumu! Ilikuwa inanichosha hata kumuangalia.

Na usifikiri alichukia pikipiki. Hapo ndio alikuwa ananichanganya. Zamani yeye alikuwa wa kuchanja batoto, anabeba dawa mu sanduku ya barafu mpaka kule Boga, juu ya pikipiki ndefu kama hizi hizi, matope mpaka ku magoti. Siku moja alimukamata kijana kweli, mara yake ya kwanza, juu pikipiki ilikuwa imezimika mu matope. Sisi tukakimbia kuona atamufanya nini. Tulimukuta amepiga magoti karibu na mashini, ametoa shati yake ya vifungo, anamugombeza: “Mujinga weye! Buji yako, ile ya kuwasha mashini, iko inaungua, unasikia vile inakohoa? Nani anakupikia? Lete ufunguo ya kumi na saba. Nani anakupikia, nimekuuliza!” Akaitengeneza. Ikawaka. Kijana akaruka juu, akaenda, vumbi usoni mwa Shefu. Mama wa maharagi alinishika mukono, akasema: “Huyu ndio munasema atatuokoa?”

Nilikuwa na hasira pia. Lakini niliona vile alikuwa ameinamisha sikio yake, anasikiliza ile mashini mpaka ikapotea.

Na ile mambo ya shimo! Hiyo nikiikumbuka mpaka leo nacheka peke yangu mu jiko. Siku ya posho, mbele ya siku ya Mungu, ni siku ya salongo, kazi ya pamoja, avenii yote inatoka na majembe. Shefu akasema leo hatutafagia muferezi. Leo tutachimba shimo ndefu, ikate kiwanja yote, pikipiki isipite. Tukachimba! Bamama, bazee, hata pasta na suruali yake ya siku ya Mungu. Udongo yote tukaitupa upande moja, tukaipiga piga na majembe, ikawa muzuri, laini, imepanda polepole kama mugongo ya ngombe. Tukarudi kwetu, tunaimba.

Asubuyi yake vijana bakakuja. Bakaangalia ile udongo. Bakaangaliana. Alafu mumoja akarudi nyuma mbali, akakaza gazi, akapanda juu ya udongo yetu, akaruka, akapita juu ya shimo yetu kama ndege! Bengine bakapiga kelele ya furaha. Mu siku tatu bakaanza kutoka vijana ba makartiye na mitaa zingine kuja kuruka. Batoto banauza karanga. Siye ndio tulibatengenezea, na mikono yetu, na nyimbo ya Bwana. Shefu alisimama pembeni, filimbi mu kinywa, haipulize. Nikamusikia anasema polepole: “Udongo tungeweka upande ya pili.”

Sasa nafika ku nyumba yangu.

Ilikuwa siku ya tatu ya juma, asubuyi. Niliona kiti inakuja juu ya kichwa yake, inaingia ku mulango yangu. Pikipiki ilikuwa mu jiko! Baraka na benzake balikuwa na zamu, na ile juma ilikuwa zamu yake kuilinda. Niliifunika mbio na magunia ya makala ya kupikia, nikaweka juu yake kitenge, juu ya kitenge kitunga ya vitunguu. Moto iko inawaka hapa, esansi, ile mafuta ya pikipiki, iko inatona pale, na mimi katikati nakoroga sombe, majani ya muhogo, na kuomba Mungu. Kama cheche moja ingeruka, leo hamungesikia hii hadisi.

Shefu akaweka kiti. Akakaa. Nikamuletea sombe na bugali, nikaweka mbele yake, nikafunga macho, juu nilijua: atakataa, na avenii yote itajua.

Nikasikia kijiko.

Alikula. Alikula yote, batu bangu, akafuta sahani na kipande ya bugali ya mwisho, akaomba maji. Mama wa maharagi alikuwa ku barabara, anaona. Bengine pia banaona. Shefu akasimama, akaweka kiti ku kichwa, akasema kwa sauti ya nguvu ili batu basikie: “Mama, hapa ni nyumba ya amani. Asante kwa chakula.” Akaenda.

Nilikaa chini karibu na magunia. Nilifurahi. Nilisema nimemushinda. Na hapo ndio nilikosea. Kama angekataa, haya ingenikula, ningemukamata Baraka siku ile ile, ningetupa ile chuma mu choo. Lakini aliponiokoa, nami nikamwacha mutoto aendelee. Nikamwambia tu: “Upunguze.” Akasema: “Ndiyo, Koko,” ndio vile mujukuu anaita nyanya yake. Hakupunguza kitu.

Kisha kama juma tatu, siku ya Mungu, batu wote beko ku kanisa. Miye nilibakia juu ya malaria. Baraka akaingia mu jiko bila viatu, anasukuma pikipiki, uso imekuwa rangi ya majivu.

“Koko, nimemugonga.”

“Nani?”

“Shefu. Alisimama nyuma ya ile udongo, mikono wazi, na filimbi. Sikumuona. Nilikuwa tayari juu, mu hewa.”

“Amekufa?”

“Ananiangalia tu.”

“Na ulimuacha?”

Akaanza kulia. Nikamupiga makofi mbili, nikasukuma pikipiki chini ya magunia, na mikono yangu hii hii. Nilikuwa nafunga kilemba ili nikimbie kule, lakini batu ba kanisa balikuwa banashuka, na kelele ilianza ku kiwanja. Nikafika nyuma yao, kama mutu mwenye hajui kitu.

Shefu alikuwa analala chini mu shimo, muguu imegeuka vibaya, filimbi ingali mu shingo. Mama wa maharagi alikuwa amepiga magoti pembeni yake, telefone tayari mu mukono, machozi ya hasira:

“Taja jina tu, Shefu. Jina moja. Basoda beko hapa mbele ya saa sita.”

Shefu akageuza kichwa. Akatuangalia wote, mumoja mumoja. Akafika kwangu. Akapita.

“Niliteleza,” akasema. “Niliangukia mu shimo yangu.”

“Shefu!”

“Mvua ya jana. Niliteleza. Munitoshe hapa, muguu inaniuma.”

Weye uliona wapi? Alafu kijana mumoja akacheka mu pua, alafu mwingine, alafu avenii yote ikacheka, hata bale balikuwa banamubeba. Shefu wa avenii ameanguka mu shimo yake mwenyewe! Miaka mingi walimucheka. Batoto balitengeneza wimbo. Mwaka yenye ilifuata balichagua shefu mwingine, kijana mwenye kofia muzuri, mwenye hakuwahi kukimbia hata hatua moja.

Baraka alirudisha silansiye ile ile juma, bila mutu kumuambia. Bale benzake walikataa, wakagombana, bakauza pikipiki, baligawana. Yeye akatafuta ingine ya kubeba batu. Na kila siku ya ine alikuwa anamubeba Shefu kuenda ku dispanseri kuangalia ile muguu, anamukalisha polepole kama mayai. Hakuna mutu aliuliza juu ya nini. Shefu hakumwambia neno. Baraka hakumwambia neno. Na mimi, mwenye kinywa haifungaki, mimi pia nilinyamaza. Leo Baraka iko Iga Barrière, iko na bibi na batoto babili, anafanya kazi yake. Miye nilibakia na ile neno mu koo kama mufupa wa samaki.

Mwaka uliopita nikasema, basi, nitakufa nayo? Nikapika sombe, nikaifunika, nikaenda kwake. Alikuwa anakaa inje ku kiti yake, ile ile ya waya, muguu imenyooka mbele kama fimbo. Bibi yake alishakufa. Meno yamebakia tatu. Shati ingali imefungwa mpaka ku shingo.

Nikaweka sahani. Nikasema yote, mbio, bila kumuangalia. Baraka. Magunia ya makala. Siku ya Mungu. Alikuwa anakula, hakusimama kukula.

“Umemaliza?” akasema.

“Nimemaliza.”

“Ile sombe yako ya siku ile ilikuwa na esansi mpaka mu pua. Nililala na tumbo siku mbili.”

“Ulijua?”

“Miye niliendesha pikipiki miaka kumi na mbili, mama. Nisijue arufu ya esansi?”

“Sasa juu ya nini ulikula?”

Akatafuna polepole na meno yake tatu. “Mama wa maharagi alikuwa ku barabara na telefone yake. Ningefanya nini? Nilifikiri: weye, ukiona nimekula, utamushika mutoto weye mwenyewe.”

Ai! Bora angenipiga. Nilitaka kusema pole, nikasogeza tu sahani karibu na yeye.

Ndio tukasikia. Pa! pa-pa-pa! Kutoka juu ya avenii, pikipiki ndefu, bila silansiye, miaka yote ile na tungali pale pale! Shefu akatafuta filimbi ku shingo, akaitia mu kinywa, akapuliza. Fff. Upepo tu, meno hayako. Akapuliza tena. Fff. Akaitosha, akaifuta ku shati, akanitupia.

“Piga weye.”

Nikapiga. Prrrii! Kijana akageuza kichwa, mutoto tu, ndevu haijaota.

“Muulize!” Shefu anapiga kelele na ile sauti yake imekwisha. “Muulize, mama!”

Nikasimama ku barabara: “Weye! Nani anakupikia?”

Na yeye akajibu, bila kusimama, anacheka: “Hakuna mutu, Koko! Najipikia!”

Akaenda. Vumbi ikatufunika sahani na yote.

Mutu mwenye alishinda na mvua juu ya kiti juma muzima, aliangalia ile kiti chini yake, kama anafikiri ataibeba kuenda wapi, mu kiwanja ya nani. Alafu akasema:

“Kesho unapika nini?”

“Sombe. Nitapika nini ingine?”

“Iko na esansi?”

“Shefu!”

“Basi mutengee sahani moja.”

Nilirudi na filimbi yake, na hasira. Miye niko na miaka yangu, magoti inauma, nimelea wangu, nimelea mujukuu, na sasa nipikie hata yule anatia vumbi mu chakula? Nilijigombeza njia yote. Asubuyi nikaongeza unga.

Nikasimama ku barabara na sahani imefunikwa na kitenge. Ikakuja, pa-pa-pa, ikanipita kama miye ni muti. Nikapiga filimbi mpaka masikio iliniuma. Nikainua sahani juu ya kichwa, nikapiga tena.

Kule mwisho ya avenii sauti ikapunguka. Ikanyamaza kidogo. Kisha nikasikia inageuka.